Beseni la baba chini ya taa

Mwenzangu, upo? Fundi umeme ametoka hapa sasa hivi.

Unakumbuka beseni la baba? Kila jioni alilijaza maji ya sabuni, akaliweka chini ya taa ya barazani ili wadudu watumbukie. Asubuhi ananiletea ripoti: "Mwanangu, leo nimeangamiza kikosi kizima." Nikimwambia balbu ya njano haivuti wadudu sana, anasema, "Unataka kunifukuza kazi."

Alipolazwa nikamwita fundi aitoe ile nyeupe, aweke ya njano. Nilitaka baba akirudi akute baraza safi.

Akarudi, akatega beseni lake. Asubuhi maji matupu, hakuna hata mbu. Akasema, "Basi nimestaafu mara ya pili." Nikacheka. Nilicheka, mwenzangu. Wiki ile ile akafariki.

Leo fundi kaja kunipa pole. Kumbe baba alimpigia simu. "Aliniomba nirudishe ile balbu nyeupe. Akasema, usimwambie binti yangu, atajisikia vibaya, alifanya kwa kunipenda. Nikamjibu, mzee, nakuja Jumamosi."

Jumamosi ndiyo tuliyomzika.

Alimpigia fundi. Mimi nilikuwa chumba cha pili.

Nimemwomba fundi airudishe. Amepanda ngazi, akaifunga.

Sasa taa inawaka, kumbikumbi wamejaa mpaka mlangoni. Nimejaza beseni, nimekaa kwenye kiti chake. Wanatumbukia mmoja mmoja, na asubuhi sina wa kumpelekea ripoti.