Barua Zako Ishirini na Saba

Lorong Cempaka 3,
34000 Taiping,
14 Septemba 2008.

Mpendwa mdogo wangu Hazlan,

Assalaam alaykum. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima, wewe na mkeo Hanisah na binti yenu, na kwamba baridi ya huko New Zealand imeanza kulegea. Hanisah amepata nguvu baada ya uzazi? Kuna mtu wa kumchemshia maji ya tangawizi, au huko kila mtu na jiko lake? Sisi hatujambo. Shemeji yako Mahadzir anasumbuliwa na goti kila mvua ikinyesha, na wewe unaijua mvua ya Taiping, kwa hiyo goti halina likizo. Saumu tunakwenda nayo vizuri. Leo ni ya kumi na nne.

Utashangaa kuona stempu na mwandiko wangu, wakati miaka yote tumeandikiana kwa kompyuta. Subiri, utaelewa.

Kwanza nikuambie bila kuzunguka: tangu Januari nimekuwa namwonea wivu binamu yetu Norsiah, wivu wa kunikosesha usingizi. Kila nilipofungua barua pepe sikukuta kitu kutoka kwako. Siku ya kwanza nikasema una kazi nyingi. Mwezi ukapita, miwili ikapita. Na kila nikikutana na Norsiah, sokoni au msibani, yeye ana habari zako. "Hazlan amehama nyumba." "Hazlan ameteleza kwenye barafu." "Hanisah ana mimba, dada, si unajua?" Nikajibu najua. Sikujua. Nilikwenda nikajifungia chooni nikafungua bomba la maji ili Mahadzir asinisikie.

Mimi ndiye niliyekulea tangu mama alipofariki, una miaka tisa. Nimekukatia kucha, nimekusainia ripoti za shule. Norsiah ni mtoto wa mama mdogo, alikuwa anakuja kwetu kula na kuondoka. Nikajiuliza, amempa nini Hazlan ambacho mimi sikumpa? Kumuuliza mwenyewe nikaona ni kujishusha. Kukuuliza wewe ndiyo kabisa.

Sasa ukumbuke siku ile ya Machi ulipopiga simu. Ukaniambia, "Dada, vipi lile nililokuuliza?" Mimi nilikuwa sijui umeuliza nini, na nikadhani unanichokoza. Nikakujibu, "Muulize Norsiah, si ndiye anayejua mambo yako yote?" Nikampa Mahadzir simu, nikarudi kukaanga samaki. Wewe uliaga haraka, Mahadzir aliniambia baadaye. Nilifurahi kusikia hivyo, Mungu anisamehe.

Siku ya mwisho ya mwezi uliopita kulikuwa na karamu ya harusi kwa kina shangazi Mak Su. Norsiah alikuja na picha za mtoto, amezisafisha studio kubwa kubwa, zikawa zinapita mkono kwa mkono. Mama mdogo mmoja akaniuliza mbele za watu, "Rokiah, wewe shangazi wa damu, hizi umeziona?" Nikasema nimeziona zamani. Picha ilipofika mikononi mwangu mtoto alikuwa na kidevu cha mama. Niliipitisha haraka kama inaniunguza.

Siku ya pili yake, saumu ya kwanza, nikamwita jirani yangu Letchumi, yule mstaafu anayetufundisha wanawake kompyuta pale maktaba. Sitakudanganya kwamba nilimwita atengeneze kitu. Nilitaka athibitishe kuwa mashine ni nzima, ili nikikukasirikia nikukasirikie kwa ushahidi.

Letchumi akakaa, akavaa miwani. Akampigia mumewe simu kule kwake aniandikie barua pepe yenye neno moja la majaribio. Haikupita dakika mbili ikaingia. Imeandikwa, "Mke wangu umemwiba?"

"Basi mashine yako inapokea," akasema Letchumi. "Intaneti nzima, nenosiri zima, na nafasi ya kuhifadhi imebaki tele."

"Nilikuambia. Hajaandika."

"Ngoja, mama we. Una haraka ya kununa kuliko ya kusoma."

Akaangalia mahali programu inapotupa barua za matangazo. Mlikuwa na wauza dawa za kupunguza unene tu. Akaangalia orodha ya watu waliozuiwa. Jina lako halimo. Akaingia kwenye anwani yangu kwa njia ya mtandao, nje ya programu, akakuta patupu. Hapo ndipo nilipovimba kichwa. Lakini akaniambia utupu ule hauna maana, kwa kuwa programu yangu imepangwa kuchota kila barua na kuileta ndani ya kompyuta, kule isiache kitu.

"Kwa hiyo kama mdogo wako ameandika," akasema, "barua zake zimo humu humu ndani ya nyumba."

Akaandika jina lako kwenye nafasi ya kutafutia, akaamuru programu itafute kila folda. Hazlan, zikashuka kama mvua. Ishirini na saba. Zote zimo kwenye folda moja inayoitwa Norsiah, na zote zimewekwa alama kuwa zimeshasomwa, ndiyo maana hakuna kitu kilichowahi kunishtua.

Letchumi akanigeukia. "Hii folda kaunda nani?"

Hazlan, niliunda mimi. Mwaka jana baada ya sikukuu ya Hari Raya Norsiah alianza kunitumia kila alfajiri orodha ya vitafunwa anavyouza, na zile dua ambazo kila mtu anatakiwa kuwatumia wengine kumi. Nilichoka. Na Letchumi alikuwa ametufundisha wiki ile ile namna ya kuiwekea programu kanuni: barua yoyote yenye jina fulani iondolewe mbele ya macho, iwekwe kando. Nikaweka jina la Norsiah. Nikasahau. Na wewe tangu Januari ulianza kutuandikia sote wawili kwa pamoja, ili usirudie habari. Kila barua yako ilikuwa na jina lake pale juu, na kanuni yangu ikaifagia pamoja na vitafunwa.

"Mwanafunzi wangu hodari," Letchumi akasema. "Umemfungia mlango binamu, ukamfungia na mwanao uliyemlea." Akaifuta kanuni mbele yangu, akanionyesha ilipokuwa ili nisije nikairudia, akaenda zake. Hakungoja chai, ingawa hafungi.

Nilizisoma mpaka adhana ya magharibi. Nilitazama kwanza, nisamehe, jina la nani liko mbele. Langu la kwanza, lake la pili, mara ishirini na saba. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikafika ya Februari: "Dada Rokiah, mtoto akiwa wa kike, jina umpe wewe. Hanisah amekubali. Hatumwulizi mtu mwingine." Halafu ya Machi, siku moja baada ya ile simu: "Norsiah, dada amesema nikuulize wewe kuhusu jina." Baada ya hapo zako zikaanza kuwa fupi. Ya Julai ina mstari mmoja tu: "Dada, kama nimekukosea, niambie kosa langu."

Hukunikosea kitu. Nakuandikia hivyo kwa mkono wangu, na ukiikunja karatasi hii ikunje hapo.

Mimi ningemwita Kalsom, jina la mama. Nilikuwa nalo mdomoni miaka yote. Norsiah akampa Qistina, na nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka kwa dharau, nikasema ni jina la binti wa tamthilia anayelia kwenye gari.

Basi juzi kabla ya kufuturu nilikwenda kwa Norsiah. Nilikwenda kudai. Nimeshapanga maneno njiani: kwamba jina lile lilikuwa langu, kwamba amelipata kwa hitilafu ya kompyuta, na kwamba ajue hivyo. Nilimkuta jikoni, unga mpaka kwenye viwiko, anakoroga tui.

"Norsiah," nikasema, "nataka tuzungumze habari ya jina la mtoto."

Akaacha mwiko. "Dada, na mimi nimetaka siku zote nikushukuru, nikaona haya." Machozi yakamlengalenga. "Hazlan alinieleza kwamba wewe ndiye uliyesema niulizwe mimi. Unajua mimi sikujaliwa. Miaka kumi na sita na Bakri, hata mimba moja. Qistina ni jina nililomwekea wa kwangu tangu nikiwa mchumba. Nilidhani nitazikwa nalo. Nikasema, kumbe dada Rokiah ananiona. Tangu utoto nilikuwa nadhani hunipendi."

Nikatazama sufuria.

"Tui linakatika," nikamwambia. "Koroga."

Akakoroga, akafuta macho kwa bega. Akauliza, "Ulikuwa unataka kusema nini kuhusu jina?"

"Kwamba ni zuri," nikasema. "Nilikuja kusema ni zuri."

Nikamsaidia kukunja majani ya migomba, nikafuturu kwake. Anapika vizuri kuliko mimi, hilo nalo limeniuma.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuomba, na ndiyo sababu sikukiandika kwa kompyuta, kwa maana wewe una tabia ya kujibu watu wote kwa pamoja. Norsiah asijue. Usimwambie wewe wala Hanisah, hata mkiwa mnacheka mezani. Mahadzir hajui, na Letchumi nimemwapisha kwa miungu yake yote. Kama mtu atakuuliza nani alimpa Norsiah haki ya kumpa mtoto jina, sema ni mimi, kwa hiari yangu. Wivu bado ninao, usidhani umeniisha kwa sahani moja ya futari. Nitaubeba mwenyewe.

Nitumie picha moja ya mtoto, ya karatasi, kwa posta. Nami nitakujibu barua zote ishirini na saba, moja moja, kuanzia ile ya kuhama nyumba.

Mahadzir anakusalimu, na Mak Su, na Norsiah na Bakri wake. Mbusu Hanisah kichwani kwa niaba yangu. Mwambie Qistina kwamba shangazi yake amemtaja kwa jina katika dua ya leo. Mungu awafunike kwa rehema za mwezi huu na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi dada yako nikupendaye tangu hujajua kufunga viatu,

Rokiah