King'ora cha Jumamosi

Mikumi,
19 Mei 2025

Kaka yangu mpendwa Lenku,

Kuna mlio mmoja umeniganda masikioni tangu masika: king'ora cha mafuriko cha Kidete kikijaribiwa Jumamosi saa nne asubuhi, kinapanda, kinashuka, na mbwa wa boma letu wanakijibu. Nimekutajia huo kwanza kwa sababu ndio ulionikalisha niandike. Sasa pokea shikamoo yangu. Hali yako huko Mvumi ikoje? Mama ameniambia umepata kazi ya kuchunga ng'ombe wa watu na kwamba kikohozi kimepungua. Mimi ni mzima wa mwili. Mama anakusalimu sana. Shuka lako amelikunja, hataki mtu ajifunike. Sikutaka kukupigia simu. Najijua, ningekata kabla ya kufika mahali penyewe.

Hupendi kukumbushwa, ila nisipoanzia mtoni sitafika ninakokwenda. Siku ile ya Aprili wewe na Kitashu, mtoto wa baba mdogo, mlisimama ukingoni mwa Mkondoa na ng'ombe. Ulisikiliza, king'ora kilikuwa kimya, ukamwambia avushe. Maji yakaja na magogo, yakamchukua yeye na ng'ombe wote waliokuwa ndani. Uliporudi nyumbani ulisema king'ora hakikulia, na hakuna aliyekuamini. Walisema juzi yake tu, Jumamosi, kijiji kizima kilikisikia. Mzee Meshaki akakuuliza mbele ya watu ulimaliza chupa ngapi za pombe pale stesheni, au siku hizi hata mto unalewesha. Watu wakacheka, msibani. Baba akasema hawezi kula na mtu aliyempoteza mwana wa ndugu yake halafu akaisingizia mashine. Ukaondoka na fimbo yako. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nikatazama chini.

Ulizoea kunitania kwamba mradi wetu wa tahadhari ya mafuriko unanilipa nihesabu maji. Basi nikueleze. Darajani, upande wa juu wa mto, kuna kifaa kinachopima kina cha maji. Kando yake kulikuwa na kisanduku kilichotuma taarifa mpaka kwenye king'ora kijijini, na kisanduku hicho kilitengenezwa China. Mwezi wa pili wafadhili wetu kutoka Marekani walileta masharti mapya: fedha zao zisitumike kwenye mradi wowote wenye vifaa vya mawasiliano vya kampuni fulani za Kichina, kwa kuwa wanahofia kupelelezwa. Ditram, fundi wetu, alicheka mpaka akakaa chini. Aliuliza Wachina wanakuja kupeleleza nini Kidete, vyura? Dada Yusta, mkuu wetu, akamjibu acheke vizuri akishamaliza kufungua nati. Fomu ya kukiondoa niliijaza na kuitia saini mimi.

Kisanduku kingine kilitakiwa kufika baada ya wiki tatu kutoka Marekani. Hakikufika. China nayo ilikuwa imebana usafirishaji wa madini yanayotumika ndani ya vifaa hivyo. Kiwanda kikasubiri madini, sisi tukasubiri kiwanda. Mambo haya niliyasoma chuoni, kaka. Niliandika kurasa nyingi kuhusu mataifa makubwa yanavyowindana kwa teknolojia, nikasifiwa. Katika kurasa zote zile hapakuwa na kivuko cha ng'ombe hata kimoja.

Ningeweza kuishia hapa. Kichwani nimeishia hapa mara nyingi, nikijiuliza mimi ni nani wa kubishana na Washington na Beijing. Lakini lipo jambo ambalo halikutoka kwao, lilitoka kwangu.

King'ora chenyewe kilibaki kwenye nguzo, na ukibonyeza swichi kwa mkono kililia vilevile. Dada Yusta alitaka tuwatangazie watu kwamba kwa sasa hakipati taarifa ya mto. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia nimehangaika na wafugaji miaka miwili mpaka wakakiamini. Niliwafundisha kwa mdomo wangu kwamba kikiwa kimya, vusheni. Tukisema kimeharibika hawatakisikiliza tena hata kisanduku kipya kikija. Nikashauri tuendelee kukijaribu kila Jumamosi kama kawaida. Ni wiki tatu tu, nilisema. Zikawa tisa. Jumamosi ile ya mwisho Ditram alikuwa na homa. Swichi niliibonyeza mimi.

Kwa hiyo hukulewa, hukusinzia, hukudanganya. Hakikulia kwa sababu hakikuwa na namna ya kujua maji yanakuja, na watu walikuona mwongo kwa sababu mimi niliwahadaa. Ulipoulizwa ni chupa ngapi, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Niliogopa uso wa baba. Niliihofia pia kazi yangu, sikufichi.

Sikuandikii kukuomba ushauri, maana nimeshafanya. Alhamisi nilikwenda Kidete nikamwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe watu. Niliwasomea fomu ile kwa Kiswahili, nikaeleza habari ya Jumamosi, kisha nikarudia yote kwa Kimaasai ili mama yake Kitashu asipitwe na neno. Aliinuka katikati akaenda zake. Mzee Meshaki aliniuliza kama na mimi nimepitia stesheni. Safari hii hakuna aliyecheka. Baba alisema nisilale nyumbani, nikalala kwa mwalimu Tabea. Alfajiri baba alikuja akasimama nje, hakubisha hodi, akauliza tu kupitia dirishani wewe unakaa kwa nani huko Mvumi. Nikamwelekeza.

Wasalimie wanaokuhifadhi, na Mungu akuondolee kikohozi kilichobaki. Baba akifika, mwache aseme kwanza, hajazoea kukiri kosa. Ijumaa nilikwenda Kilosa, nikaandika maelezo yangu polisi. Kwenye jalada la kifo cha Kitashu wewe sasa umeandikwa shahidi, na kwenye mstari wa mtuhumiwa, palipokuwa na jina lako, pana langu.

Mdogo wako,
Naishorua