Zaidi ya Mara Mia Tatu

Mwenzangu, uko? Uprofesa nimekosa. Lakini si hicho kinachoniliza.

Ile makala yangu ya mitetemo ya ardhi, si unajua imenukuliwa zaidi ya mara mia tatu? Mwenyekiti wa jopo kaniuliza, "Daktari, umewahi kuwasoma hao wanaokunukuu?"

Sijawahi! Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia namba inavyopanda.

Akafungua makala ya mmoja wao, akasoma kwa sauti: "Mfano wa kosa la kuepuka." Akafungua nyingine. Yale yale.

Kumbe ule niliouita mtetemo wa miamba ulikuwa mngurumo wa mashine ya kusaga nafaka, hatua chache kutoka pale tulipofukia kipimo. Mashine ya kusaga! Wanafunzi huko duniani wanafundishwa kwa jina langu wasije wakafanya kama mimi. Mfano wa kosa la kuepuka, mwenzangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na hapo nisingehitaji kipimo.

Natoka, namkuta baba kwenye benchi la korido, kavaa shati la harusi yangu. "Wameona watu wanavyokutaja?"

Nikamwambia wameona, baba.

Katibu aliyekuwa anaandika kikao naye akatoka. Baba akamshika mkono: "Huyu binti yangu anatajwa dunia nzima!"

Yule dada akaniangalia, akamwangalia baba. "Kweli, mzee," akasema taratibu. "Anatajwa."

Niko chooni nakuandikia. Namsikia baba huko nje anampigia shangazi.