Some, na Kitambaa cha Mita Tano

Jumatatu, 3 Machi
Darasa la Kiingereza la jioni. Neno la leo: some. Mwalimu anasema ni kiasi ambacho hakijapimwa. Some water — maji kiasi. Kiasi gani? nikauliza. Akasema hapo ndipo utamu wake, hakuna anayejua.

Loo! Mimi ni fundi cherehani. Nikimwambia mteja nitapunguza gauni lake “kiasi”, atanitolea macho. Fundi saa, anayekaa nyuma yangu, akacheka mpaka akakohoa. Na yeye kazi yake ni skrubu ndogo kama punje ya mchanga, kwa hiyo alinielewa. Ana kicheko kizuri yule mtu. Haya, nimeandika.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe some ina kazi nyingine! Ni “fulani” — mtu yupo, ila humtaji. Some man, bwana fulani. Hii naijua, ndivyo wateja wangu wanavyosengenya.

Mwalimu akataka kila mtu atunge sentensi. Fundi saa akasimama, akasafisha koo. Amenunua kitambaa kwa ajili ya mwanamke fulani. Some cloth, some woman! Darasa zima makofi. Na mimi nikapiga. Zamu yangu ilipofika sentensi ikanipotea, nikasema nina mbuzi.

Sina mbuzi.

Alhamisi, 6 Machi
Mwanamke gani?

Jumanne, 11 Machi
Amekuja dukani kwangu! Na kitambaa. Cha buluu, maua madogo meupe, laini kweli. Nikakikunjua mezani, nikapima. Mita tano! Gauni linataka tatu. Nikamuuliza huyo mama ana mwili gani. Akasema, wa kiasi tu.

Moyo ulinichoma, sifichi. Mjane mzima, nina binti wa kuoza, namwonea wivu mtu nisiyemjua! Nikamwambia sharti la duka hili: sikati kitambaa mpaka mwenye gauni nimpime mwenyewe, kwa mkono wangu. Amlete Jumamosi. Akasema sawa, akatoka mbio, akasahau mwavuli wake.

Jumatano, 12 Machi
Some tena! Mwalimu anasema ukimkaribisha mtu chai au chakula kwa neno hilo, unatarajia aseme ndiyo. Fundi saa akaninyooshea pakiti ya biskuti. Some? Nikamwambia nimeshiba.

Nilikuwa na njaa hiyo! Akaiweka juu ya daftari langu. Nimerudi nayo nyumbani. Sijaifungua.

Jumamosi, 15 Machi
Yuko hapa! Naandika nimesimama, nyuma ya pazia la kupimia.

Alikuja peke yake. Kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nikamuuliza, mwenye gauni yuko wapi? Akatazama viatu vyake. Akasema mwenye gauni ndiye anayeuliza.

Nikashika ukingo wa meza. Kitu cha kwanza kunitoka mdomoni — jamani! — na hizo mita tano je? Ndivyo unavyoniona? Maskini, akatoka jasho. Akasema kupima kwa jicho hajui, kuniuliza aliona haya, akaogopa kisitoshe. Afadhali kibaki.

Nimecheka mpaka machozi. Nimefurahi! Nimefurahi kama mjinga. Lakini sijamjibu. Nimemwambia kwanza vipimo, sharti ni sharti, akae kwenye benchi pale nje.

Tena, marehemu mama alinifundisha kwamba fundi hajipimi mwenyewe, atajidanganya kiunoni. Nimemwita binti yangu. Yuko nyuma yangu na futi, anajikaza asicheke. Mabega tayari. Ile pakiti ya biskuti nilikuja nayo dukani, iko hapa kando yangu. Nimeifungua, nimeshakula mbili.

Sasa kiuno. Anasema kwa sauti, sauti kubwa kabisa, mtoto huyu! — Mama, acha kubana tumbo, pumua!

Benchi la nje limelia. Amesikia. Anacheka kile kicheko chake, anakohoa, na mimi siwezi kusimama sawa, futi inateleza, binti anasema tuanze upya —