Kwa Baba, Mshika Breki wa Jumbo

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu utoke nyumbani asubuhi ukiwa unapaza sauti mlangoni kwamba utarudi mapema kutengeneza bomba la jikoni. Bomba bado linavuja. Fundi ameshakuja zaidi ya mara moja, na kila akifika Mama humwambia kwamba kazi hiyo ina mwenyewe.

Mimi binti yako mkubwa ndiye ninayeandika. Wadogo zangu wamenisukumia kalamu kwa madai kwamba mdomo wangu nimeurithi kwako. Nimekubali, ingawa leo nisingependa kusema chochote.

Kwa wasiokufahamu, ulikuwa mshika breki. Ndege inapovutwa na trekta kwenda karakana, lazima mtu akae juu kwenye kiti cha rubani, miguu kwenye breki, ili chuma cha kuvutia kikikatika awepo wa kuisimamisha. Mtu huyo ulikuwa wewe, na ndege yako ilikuwa ile jumbo ya injini nne, yenye nundu mbele na ngazi ndani kama nyumba ya ghorofa. Ulizeeka kwenye kiti cha rubani na hukuwahi kuruka hata siku moja. Tulipokuuliza kama huoni wivu, ulisema, "Kuruka anaruka yeyote. Kazi ni kusimama."

Kazi hiyo ulirudi nayo nyumbani. Kwenye gari la mtu yeyote, hata ukiwa umekaa nyuma kabisa, mguu wako ulikandamiza sakafu kila kwenye kona. Baiskeli ya magurudumu matatu ya mjukuu wako haikuachwa uani bila jiwe nyuma ya gurudumu. Toroli la jirani nalo ulilitilia kabari bila kuombwa. Mama alipolazwa kwa ajili ya presha, ulikagua magurudumu ya kitanda kabla ya kumuuliza hali, na yeye akawaambia manesi wasikushangae, ameshakuzoea.

Mama jumbo aliiita mke mwenzake. Ukichelewa kurudi alikuuliza kama ilikuwa zamu ya mwenzake, nawe ulimjibu kwamba huyo mwingine halalamiki kuhusu sabuni wala kodi ya nyumba. Tulikua tukiusikia utani huo mezani. Hakuna aliyejua kwamba siku moja utani huo utamgeukia Mama.

Halafu walikuwapo watu wa uzioni. Mwisho wa uwanja, pale ambapo majani yalikanyagwa mpaka yakaisha, walisimama mashabiki wa ndege. Watu wazima wenye akili zao: mfamasia, dereva wa lori, mwalimu mstaafu wa hesabu, na yule uliyempa jina la Darubini kwa sababu ya kamera yake ndefu. Jumbo waliitambua kwa mlio kabla haijatokeza mawinguni. Ulipopita ukivutwa walikupungia mkono, nawe uliwapungia kutoka nyuma ya kioo, kwa kuwa dirisha la rubani kwenye jumbo ile halifunguki. Walidhani wewe ndiye rubani. Walikuita Kapteni, na wewe, Mungu akusamehe, hukuwasahihisha.

Kisha kampuni ikasema injini nne zinakunywa mafuta mno, na ndege za injini mbili zinatosha. Jumbo ikaondolewa kazini. Watu wa uzioni walilia kama wamefiwa, wengine walisafiri kutoka mbali kuja kuiangalia tu imesimama. Wewe hukulia. Ulirudi ukakaa sebuleni na viatu vyako vya kazi, jambo ambalo Mama hakuwahi kuliruhusu, na jioni hiyo aliliruhusu.

Safari ya mwisho ya jumbo ilikuwa ya kuvutwa hadi pembeni ya uwanja, ilikopangwa kukatwakatwa. Pampu za breki zilikuwa zimeshafunguliwa na kuuzwa. Breki zilikuwa na nguvu ya akiba tu, ya kukanyagwa mara chache, na wote mlilijua hilo, mkaona inatosha kwa mwendo mfupi. Kwenye mteremko unaoelekea uzioni, chuma cha kuvutia kikakatika. Ulikanyaga mpaka breki zikaisha nguvu. Wenzako walikimbia na kabari, magurudumu yakazitupa pembeni kama maganda. Jumbo ilikwenda moja kwa moja kwa watu wale, ikaishia kwenye mtaro wa maji ya mvua, hatua chache kabla ya uzio, na pua yake ikagonga ukingo wa zege. Uzioni hakuumia mtu. Wewe walikushusha kwa ngazi, ukiwa umeshatuacha.

Kwenye chumba cha maiti, yule mdogo wangu anayejifanya ana roho ngumu alitoka nje, akarudi na jiwe, akainama akaliweka nyuma ya gurudumu la kitanda chako. Hakuna aliyemtuma.

Tulipokwisha kukuzika ikaja ile picha ya siku ile, iliyopigwa uzioni. Mkono wako nyuma ya kioo, kiganja wazi. Chini yake waliandika kwamba Kapteni aliwaaga mashabiki wake akaondoka na kipenzi chake. Ilisambaa kwenye kila simu. Watu tusiowajua walimpigia Mama kumwambia kwamba ulikufa kifo kizuri, kwamba mtu anayependa kazi yake hivyo hawezi kuishi bila ndege yake. Wengine walimletea kipande cha bati la jumbo, kimeng'arishwa na kutobolewa tundu la kuning'inizia funguo. Mama aliuliza kimekatwa sehemu gani. Hawakujua, na hawakukaa sana.

Siku zile Mama alibadilika, Baba. Aliishusha picha ya harusi yenu ukutani akaisimamisha nyuma ya kabati, uso umegeukia ukuta. Kaburini hakwenda. Siku moja akikunja nguo zako ili azigawe, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Mimi kaniachia habari za bomba. Wao kawapungia mkono. Kwa nini awaage wao?"

Mimi, na mdomo wangu wote, nilichukua shati nikakunja naye. Tulianza na sisi kuamini kwamba ulichagua. Kwamba ulipoona jumbo yako inakwenda kukatwa, uliamua kwenda nayo, ukatuacha na nyumba yenye bomba bovu. Nilikukasirikia sana. Ilikuwa aibu kukulilia mbele ya Mama, kwa hiyo nililia kwangu.

Mwezi uliopita Darubini alibisha hodi. Alikuwa amekonda. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai, akamwambia Mama kwamba siku ile alipiga picha nyingi, akaisambaza ile moja tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzuri. Nyingine zilimtisha. Alisema kamera hajaishika tangu siku ile, na kwamba usingizi anausikia kwa wenzake. Akazipanga mezani moja baada ya nyingine.

Kwenye ya kwanza umekaa, umejifunga mkanda, meno umeyauma. Kwenye ya pili mkanda haupo na umesimama. Mdogo wangu, ambaye unajua anaendesha matrekta ya mizigo pale pale uwanjani, aliiangalia akasema hapo breki zilikuwa zimekwisha, na muda wa kukimbilia viti vya nyuma ulikuwa nao. Huko nyuma hata kikombe hakikuvunjika. Hukukimbia. Ulisogea mbele ukajibandika kwenye kioo, mikono yote miwili, viganja vinasukuma. Mdomo uko wazi. Mishipa ya shingo imesimama. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukitupigia kelele tulipokuwa wadogo tukisogelea barabara.

Picha ya mwisho ilipigwa na shabiki mwenzake aliyekuwa pembeni. Ni ya watu wa uzioni. Wanatabasamu, wote, na wote wameinua mikono wanakupungia.

"Alikuwa anatufukuza, mama," Darubini alisema. "Sisi tukampungia."

Mama alizishika picha zile muda mrefu, akairudia ile ya pili, akaigusa shingo yako kwa kidole. Halafu akasema, "Basi hakuwa kwa mwenzangu. Alikuwa kazini." Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kilio alichokibana tangu msibani, na Darubini akalia naye, na sisi tukawaacha.

Usidhani tumepata nafuu. Hasira imekuja upya, na sasa imepata sababu. Mtaro ule ungeisimamisha jumbo hata bila wewe. Watu wale wangepona hata kama ungekwenda nyuma ukajifunga mkanda, ukarudi jioni na kiuno kinauma, ukatengeneza bomba. Lakini juu ya kiti kile mtaro hauonekani, unafichwa na pua. Ulichokiona ni watu tu, na wao walichokiona ni Kapteni wao.

Picha ya harusi imerudi ukutani. Kaburini tumekwenda, na Mama amekusema vya kutosha, unajua mwenyewe aliyokuambia.

Leo watu wa uzioni wanakusanyika kuikumbuka ndege yao. Darubini aliuliza walete nini, na Mama akamjibu wasilete maua, na asije mtu akapunga mkono. Wasimame pale pale walipokuwa wamesimama. Mama ameomba ruhusa ya kuingia ndani ya uzio, na ameipata. Atasimama ukingoni mwa mtaro, atawanyooshea viganja vyote viwili, na wao watarudi nyuma. Watarudi mpaka yeye atakaposema basi.

Unakumbukwa na mkeo, tena wa pekee; na sisi wanao watatu na wakwe zako; na wajukuu zako, ambao wanaweka mawe nyuma ya kila kitu chenye gurudumu; na dada yako, aliyekusomesha; na wenzako wa trekta na wa kabari, ambao hawajaweza bado kuja nyumbani, na tunawaambia waje. Maadamu tuko hai, Baba, hatutakusahau.