Kufuli Tatu Zimehamia Benki

Jumatatu, 3 Machi

Kikundi chetu cha akina mama kinahamia benki! Sanduku la akiba limetushinda. Lilikuwa na kufuli tatu na funguo tatu: mmoja kwangu, mmoja kwa Mama Mayai, mmoja kwa Fundi wa cherehani, ili asitokee wa kulifungua peke yake akatokomea. Sasa wezi wameingia kwa jirani, wakabeba hadi sufuria lenye maharage. Mwizi haombi ufunguo!

Binti wa benki alikuja kutufundisha. Mtoto mzuri, ila kucha zile sijui anafuaje. Eti hela ikikaa benki inazaa. Mama Mayai: "Inazaa na nani?" Tukacheka mpaka binti akakaa chini. Akaeleza: benki inawakopesha watu hela zetu, wanarudisha na nyongeza, na sisi tunaonjeshwa. Kumbe wanafanya kama sisi tu, ila wao wana kiyoyozi.

Jumatano, 5 Machi

Akaunti tayari. Tumepewa kadi moja, na namba ya siri tarakimu nne. Binti akasema ajue mtu mmoja tu. Nani? Tukatazamana kama paka watatu na kichwa kimoja cha samaki.

Fundi ndiye aliyetuokoa – kila mtu na namba zake, kama funguo! Mama Mayai kabonyeza yake ya kwanza, mimi ya pili, Fundi mbili za mwisho, maana yeye ndiye mweka hazina. Wengine tukageukia ukutani. Binti: "Mama zangu, haifanywi hivi." Mwanangu, sisi tunafunga hela hujaota meno! Na kwenye dirisha la kutolea hela nako tumeandikisha sahihi za watatu. Hapo hata shetani haibi.

Ijumaa, 7 Machi

Kikundi kimenipitishia mkopo! Ule mzima, wa kodi ya miezi sita ya chumba cha kona. Basi tena kusukia watu barazani, mvua ikinyesha nakimbia na kichwa cha mteja nusu! Mama Mayai kaniasa: mkopo wa sherehe unakula, mkopo wa kazi unalima. Nalima.

Mwenye chumba hataki mchezo. Jumatatu kabla ya saa kumi, la sivyo anampa msusi wa ng'ambo ya barabara. Yule anayesuka vichwa vya watu hadi nyusi zinapanda!

Jumapili, 9 Machi

Mimi si mtu wa maneno. Lakini mteja akikaa saa nne, mtaongea nini? Jana nilikuwa namsuka dada mmoja mgeni, tunacheka vizuri. Nikagusia kidogo tu kwamba Fundi hanunui nguo za watoto, anawashonea kwa vitambaa anavyopunja wateja. Mgeni kacheka, kalipa, kaniongezea na bakshishi.

Leo Mama Mayai ananiambia yule ni wifi yake Fundi.

Wifi! Si angesema? Nimepiga simu kwa Fundi, inaita tu. Labda anashona.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya benki. Foleni ya mashine ya kutolea hela iko hatua mbili mbele yangu.

Fundi alikuja, nikashukuru. Mashine ikameza kadi, Mama Mayai akabonyeza, nikabonyeza. Zamu ya Fundi – akakunja mikono.

"Shoga, kwanza waambie hawa wa foleni. Watoto wangu wanavaa nini?"

Nikasema jamani hayo tuyaongee nyumbani. Mashine ikauliza kama tunahitaji muda zaidi. Mzee nyuma yetu akajibu ndiyo, yeye hana haraka! Mwisho kadi ikatemwa.

Nikakimbilia dirishani. Binti wa benki kasikitika kweli: bila sahihi ya tatu hawezi. "Si ndivyo mlivyotaka, mama?"

Fundi kaweka sharti. Niseme kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kwamba nilidanganya. Basi abonyeze. Rahisi! Uongo mimi nimeshasema mkubwa kuliko huo, tena bila kulipwa.

Lakini kaja na bintiye mdogo, kamsimamisha pembeni yangu. Kigauni kipya, kimemkaa vizuri. Maua ya njano, majani ya kijani – na mimi leo, kwa kuja benki, nimevaa lile gauni langu alilonishonea Fundi mwenyewe kwa kitambaa nilichompelekea. Maua ya njano. Majani ya kijani.

Foleni imeshaona. Mzee anaziba mdomo kwa leso. Fundi peke yake hajaangalia, ananitolea macho mimi tu.

Simu inaita. Mwenye chumba.

Mama Mayai ananisukuma: "Inuka, shoga. Sema."