Siku Tuliyobonyeza Sufuria

Jumanne, 4 Novemba

...basi kaingia kanuna, mdomo huu! Nikamwambia, mke mwenzangu, nani kakuudhi? Mjukuu wangu huyu namwita mke mwenza tangu babu yake yu hai — mzee alimpenda yeye kuliko mimi! Haya, nisipotee. Mwalimu wake wa kompyuta kamwambia alama anazo nzuri, lakini chuo anachokitaka kiko nchi za watu, na wanaoomba ni wengi kama siafu, wote wana alama nzuri. Huko wanataka kuona umetengeneza nini wewe mwenyewe. Na nani anakitumia.

Nani anakitumia? Mimi! Mimi si mtu?

Nakodisha vyombo vya sherehe. Kusoma sijui, basi mjukuu kanitengenezea programu ya picha kwenye simu. Mtu akichukua sufuria, nabonyeza picha ya sufuria, nataja jina lake kwa mdomo, simu inashika. Akirudisha, nabonyeza tena. Raha tupu! Na hii ninayoongea sasa, simu inaandika yenyewe, hadi tarehe inaweka. Kasema: bibi, ongea na simu, watu umewachosha. Mjinga huyu!

Alhamisi, 6 Novemba

Mwalimu anasema watumiaji ni wachache mno. Nikasema moyoni, mtoto akose chuo mimi ningali hai? Thubutu! Nikawaita wenzangu wote wa kukodisha vyombo. Sebule ikajaa. Hata Bi Haraka kaja — jina hilo tulimpa kwa sababu hajawahi kuwahi kitu. Simu yangu nikaizungusha mkono kwa mkono, nikawaambia, bonyezeni! Sufuria, kiti, sinia, sufuria, sufuria! Majina tunatunga tu. Bi Haraka kamkodishia marehemu mumewe viti mia, eti huko aliko hakosi wageni. Mbavu sina!

Ijumaa, 7 Novemba

Ole wangu.

Bibi, anasema, sufuria zote hizi zimetoka siku moja? Mji mzima unaoa?

Nikamwambia, si wanataka watu wengi? Akasema, chuo kikiona hivi kitaniita mwongo, maombi yangu watayatupa. Akakaa pale mlangoni, akalia. Nilitaka kumpaka mafuta mtoto wa watu, nimempaka masizi.

Jumatatu, 10 Novemba

Mwalimu kacheka hadi kavua miwani! Kamwambia, usifiche kitu. Andika hivyo hivyo kwenye maombi: watumiaji wako wamekuvurugia kazi kwa mapenzi. Halafu waonyeshe umerekebishaje. Hicho ndicho wanachotaka kujua — ukiharibikiwa, unafanya nini.

Kumbe! Nikamwambia mjukuu, unaona, bila mimi ungeandika nini? Kanitupia mto. Kacheka lakini. Kacheka!

Jumapili, 16 Novemba

Karekebisha. Sasa chombo hakitoki mpaka anayekichukua aseme mwenyewe, kwa sauti yake: nimechukua. Marehemu hakopi tena! Bi Haraka kanuna, anasema mumewe kaonewa. Wenzangu wamejaribu mmoja mmoja, safari hii kwa vyombo vya kweli. Jirani yangu kachukua masinia ya ubarikio wa mwanawe kanisani, kasema "nimechukua" kama anaapishwa mahakamani.

Maombi yameondoka jioni. Mjukuu kabonyeza, kafumba macho.

Jumatano, 10 Desemba

Intavyu! Wamemwita! Yuko sebuleni na kompyuta, shati limepigwa pasi mbele tu, nyuma haonekani. Mimi nimefungiwa jikoni, nimeambiwa nisikohoe. Naongea chini chini hapa. Lugha yao siijui, lakini sauti ya mtoto wangu naijua. Mwanzo ilikuwa inatetemeka. Sasa inatembea. Sasa — haya, inakimbia! Na huyo mama profesa anayemhoji anacheka. Anacheka vizuri, sio kicheko cha dharau, mimi vicheko navijua, mama mkwe wangu alikuwa na cha dharau, ukikisikia maziwa yanaganda —

Kaulizwa kitu.

Ee? Naitwa? Mimi?

Anasema bibi, njoo na simu, njoo na sufuria kubwa! Profesa anataka kukodi, aseme mwenyewe kwa sauti yake! Ngoja nifunge kilemba — nakuja, mke mwenzangu, nakuja! Lakini muulize kwanza, huko aliko ni mbali, atairudisha lini —